Mpango Wangu wa Kuwa Bingwa wa Marathoni Nikifika Miaka 75



Mie nina miaka 44, na nimeazimia kuwa bingwa wa marathoni nikifika miaka 75. Msicheke kwanza. Nisikilizeni hesabu yangu.

Mbio kubwa nyingi hugawa washindani kwa umri. Wenye miaka 40 na kitu wapo tele, na wote wananishinda. Wa miaka 60 ni wachache. Wa miaka 75 ukiwatafuta unaweza kuwahesabu kwa vidole. Sasa mie kwa mwendo siwezi kumshinda mtu, lakini kusubiri naweza sana. Nimeolewa miaka 20, nimelea watoto wanne; hakuna wa kunifundisha subira. Kwa hiyo sihitaji kuongeza kasi. Ninachohitaji ni kuwa bado nipo na bado natembea, wakati wenzangu wameshapumzika. Siku hiyo nitajitokeza peke yangu kwenye kundi langu, nitafika jioni, na medali ni yangu.

Kama mnavyojua, mume wangu alihamishiwa kazi Arusha, na mie mtoto wa Unguja nikajikuta chini ya Mlima Meru. Mlima wenyewe una zaidi ya mita 4,500, na mji upo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, kila pumzi inaleta oksijeni kidogo kuliko kule kwetu pwani. Mwili ukizoea hutengeneza chembe nyekundu zaidi za damu, ndiyo maana wanariadha hupenda kufanya mazoezi sehemu za juu. Lakini mie siku ya kwanza sikuwa na habari hizo. Nilikimbia kutoka getini mpaka duka la tatu, nikashika nguzo ya umeme, nikapiga shahada. Kijana wa bodaboda akasimama: "Mama, panda nikuwahishe, unaonekana umechelewa sana." Nikapanda. Nilimlipa 1,000 anirudishe nyumbani.

Na hewa hii hii ndiyo anayoivuta Alphonce Simbu, ambaye hufanya mazoezi hapa hapa Arusha. Septemba 2025 kule Tokyo alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Mjerumani mstarini kwa sekunde 0.03. Kumbe baada ya kilomita 42 na ushei watu wanaachana kwa kupepesa jicho. Mie na mshindi tutaachana kwa sala mbili.

Lakini shujaa wangu khasa ni John Stephen Akhwari. Mwaka 1968, kwenye Olimpiki ya Mexico City, alianguka akaumia goti, wakamfunga bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Wengi husimulia kisa hiki kwa machozi. Mie nilikwenda kutazama muda wake: saa 3 na dakika 25. Jamani! Huyo ndiye wa mwisho, na goti limeumia! Mie mzima wa magoti yote mawili nikipata muda huo nitachinja mbuzi nialike mtaa.

Basi malengo yangu nimeyapanga hivi. Nikiwa na miaka 45, kumaliza kilomita 5 bila kusimama kuuliza bei ya parachichi. Miaka 50, nusu marathoni, kilomita 21.1, pale Moshi kwenye Kilimanjaro Marathon. Miaka 60, marathoni nzima, kilomita 42.195, na hizo mita 195 za mwisho nitazitembea kwa madaha ili wapiga picha wanipate vizuri. Miaka 75, ubingwa. Na Mungu akinipa umri zaidi, nina lengo la akiba: Honolulu. Kule, Desemba 2022, bibi mmoja wa Kimarekani aitwaye Mathea Allansmith alimaliza marathoni akiwa na miaka 92. Tena mbio zile hazina muda wa mwisho, wanakusubiri mpaka ufike. Na Honolulu nako ni kisiwani, nitajiona nyumbani.

Sasa niwaambie kwa nini natania hivi.

Mama yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 58. Hakuwa mvivu hata kidogo. Ila kazi zake zote zilikuwa za kukaa: cherehani, mbuzi ya kukunia nazi, kibao cha kusukumia chapati. Hakuna aliyemwambia anyanyuke atembee, na angetoka kutembea bila shughuli watu wangemuuliza amepatwa na nini. Miaka mitano mie na dada yangu tulimgeuza, tulimuogesha, tulimpeleka chooni. Alikuwa haulizii chakula wala wageni. Kila asubuhi alikuwa anauliza jambo moja: "Leo naweza kwenda mwenyewe?" Tukamzika na miaka 63.

Mwaka jana nilipimwa presha, ikasoma 160 kwa 100. Nilirudi nyumbani nikakaa juu ya kitanda nikafanya hesabu nyingine, si ile ya medali. Kutoka 44 mpaka 63 ni miaka 19. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka sita. Nilimuona akiwa na miaka 25, ananishika kwapani kunipeleka chooni.

Daktari alinipa dawa na akaniambia nianze kwa kutembea. Ndivyo nilivyofanya, na nanyi msianze mbio kabla hamjapimwa. Umri si wetu, najua. Wapo wanaokimbia kila siku na wakaondoka mapema. Sikimbii ili nisife. Nakimbia ili kama nitapewa miaka, niitembee kwa miguu yangu. Na nimeona kuwa nikisema "nakimbia kwa sababu naogopa," naishia kulala. Nikisema "nakimbia kwa sababu nataka medali ya vikongwe," nacheka, na nikicheka nafunga raba.

Mavazi msiniulize sana: suruali pana, kanzu ya kufika magotini, mtandio wa pamba na pini mbili. Sifan Hassan, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Paris 2024, alipanda kupokea dhahabu yake amevaa hijabu. Kisingizio cha mtandio kimeshakufa.

Ila wiki iliyopita mpango wangu umepata dosari. Nilikuwa napanda barabara ya Ilboru, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naona najitahidi kweli. Nyuma yangu nikasikia ndala. Bibi mmoja, kichwani mkungu wa ndizi, akanifikia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unakimbia hivyo, nyumbani kuna msiba?"

"Hakuna bibi, nafanya mazoezi tu."

Akanitazama kuanzia raba mpaka mtandio. "Bila mzigo?"

"Bila mzigo."

Akacheka mpaka akashika mkungu kwa mkono. Nikamuuliza umri, kwa adabu. Akasema haujui vizuri, ila wakati wa Uhuru alikuwa tayari anachunga mbuzi. Kisha akaniaga, akanipita, akapotea kwenye kona, na mie nikabaki nahema.

Nimefanya hesabu upya. Mimi nikifika 75, yeye atakuwa amevuka mia, na wallahi bado atanipita. Kwa hiyo lengo limebadilika kidogo. Nautaka mshindi wa pili, miaka 75, na hilo goti la Akhwari nisilipate. Jumamosi nimeahidi kumbebea ndizi mpaka Sanawari. Atakayekuja Arusha anitafute, tupande wote. Polepole, inshallah.