Uvimbe wa mtoto, macho mekundu ya bibi

Kimya changu kilikuwa cha kazi. Nilikuwa Segese, wilayani Kahama, Shinyanga. Habari za dhahabu mtazisoma gazetini. Hapa nina jambo lingine.

Nje ya duka la dawa nilimkuta mama na mwanaye wa mwaka mmoja hivi, shingoni ana uvimbe laini kama puto lenye maji. Muuzaji akamshauri aende hospitali. Mzee mmoja pembeni akauliza taratibu: "Bibi yake mnaishi naye?"

Kwa msomaji wa mjini hilo ni swali tu. Usukumani lina uzito. Kwa miaka mingi vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kisa macho mekundu yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni.

Nikawauliza madaktari. Mwili una mirija inayorudisha majimaji ya limfu kwenye damu. Mtoto akiwa bado tumboni, baadhi ya mirija inaweza isijiunge vizuri, majimaji yakajikusanya kwenye vifuko. Mtoto huzaliwa navyo, ila vingine huonekana baadaye, wengi kabla ya kutimiza miaka 2. Hapo ndipo watu husema "alikuwa mzima, katupiwa kitu". Akipata mafua uvimbe unaweza kufura ghafla, na mpiga ramli akapata ushahidi! Lakini si saratani, wala hauambukizi.

Daktari huupapasa, kisha hupima kwa ultrasaundi. Ukiwa umezama ndani, CT au MRI. Mwingine hufuatiliwa tu, mwingine hupasuliwa, mwingine huchomwa sindano ya dawa kama bleomisini ndani ya vifuko ili visinyae, mara nyingi kwa awamu. Hospitali ya rufaa Kanda ya Ziwa ni Bugando, Mwanza. Kuuchanja kwa wembe huleta damu na usaha. Na mtoto akipumua kwa shida au akishindwa kunyonya, msisubiri kesho: uvimbe unaweza kubana njia ya hewa.

Basi mdau mwenye ndugu Kahama au Geita, ukipigiwa simu kuhusu mtoto wa namna hii, wahi kutuma nauli ya Mwanza kabla wengine hawajachanga ya mpiga ramli. Utakuwa umewaokoa wawili, mjukuu na bibi yake.

Mnasemaje wadau?