Mgeni wa Siku ya Tatu

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii naifundisha kila mwaka, na kila mwaka wanafunzi wangu huifafanua kwa namna ile ile, kwamba haifai mtu kukaa bure akila jasho la wenziwe. Nami niliridhika na maelezo hayo, mpaka alipokuja mgeni mmoja kutoka Uholanzi akapanga nyumba ya pwani hapa kwetu Paje.

Paje ni kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani, kusini-mashariki mwa kisiwa cha Unguja, yapata kilomita 50 kutoka Mjini. Kilimo cha mwani wa kuuza kilianza katika pwani hii mwaka 1989, na zaidi kimekuwa kazi ya wanawake. Baadaye yakaja mahoteli, na kwa sababu ya upepo wetu wakaja wale wanaoteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Wengine miongoni mwao hawakuja kutembea tu, bali kukaa. Mgeni wetu alikuwa mmoja wao. Kaskazi ikivuma, na kusi ikivuma, alikuwa baharini akiwafundisha wenziwe mchezo huo.

Maisha yake ya kila siku yalikuwa ya utulivu. Asubuhi alinunua boflo dukani, akawaamkia wazee kwa Kiswahili cha kujifunza, kisha akashuka pwani. Mwisho wa juma alikwenda Mjini kusikiliza muziki. Alihudhuria tamasha la Sauti za Busara, lililoanzishwa mwaka 2004, ndani ya kuta za Ngome Kongwe. Alikwenda pia kuwasikiliza vijana wa chuo cha muziki kilichoanzishwa Mjini mwaka 2002. Aliweza kunieleza tofauti ya mlio wa kanuni na wa udi, jambo ambalo mimi, niliyezaliwa kisiwa hiki, sikuwahi kulitilia maanani. Sikufichi, ndugu msomaji, niliona haya.

Lakini nyumba aliyoipanga ilikuwa na ukuta, na ukuta ule ulikuwa umeikata njia ambayo wanawake waliitumia tangu zamani kushukia kwenye mashamba ya mwani. Mlango wa upande wa bahari ulikuwa ukifungwa kwa kufuli. Mama yangu mdogo na wenziwe walilazimika kuzunguka mbali, na magunia ya mwani mbichi vichwani, yakiwachuruzikia maji ya chumvi. Mwenye nyumba haishi kijijini, na mgeni hakujua kwamba hapo palikuwa na njia. Wanawake hawakusema kitu. Walipokutana naye walimjibu salamu, wakapita.

Ikatokea arusi ya jamaa zetu Mjini, na taarabu ikaalikwa. Nikamchukua mgeni tukafuatana naye. Ukumbi ulijaa kina mama waliojipamba, na harufu ya asumini na udi wa kufukiza ilitanda. Usiku ulipopea, mwimbaji akafikia ubeti unaomsema jirani asiyejua ujirani. Mama mdogo akainuka. Alikwenda kwa madaha, noti mkononi, akapita polepole mbele ya kiti cha mgeni, akasimama hapo kidogo, ndipo akaenda kumtunza mwimbaji. Kila aliyekuwepo alifahamu, kwani katika taarabu anayeinuka kutunza kwenye neno fulani huwa amelifanya neno hilo kuwa lake.

Mgeni alitabasamu akapiga makofi. Kisha, kwa kuwaona wengine wakitunza, naye akatoa noti yake akainuka katika ubeti ule ule. Ukumbi mzima ulilipuka kwa vigelegele, maana kwa desturi hiyo alikuwa amejibu mapigo mbele ya watu. Alirejea kitini na furaha tele, akaniambia kwamba hajapata kupokewa vizuri namna ile.

Tuliporudi usiku ule kwa gari la kukodi, mama mdogo akiwa amelala, au akijifanya amelala, nilimweleza yote. Alinyamaza mpaka tukaupita msitu wa Jozani. Kisha akauliza, "Kwa nini hakuniambia?"

"Amekwambia," nikamjibu.

Akafikiri kidogo, akasema, "Na wewe, Mwalimu, unayejua lugha zote mbili, mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimeifikiri sana taarabu yenyewe, kwa kuwa nayo ilikuja kwetu ikiwa mgeni. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza muziki huo, na kwa miaka mingi uliimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa. Aliyeupa jembe ni Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyepata kuuza vyungu. Aliuimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Ndipo muziki uliokuwa wa kustarehesha baraza ukaanza kufanya kazi za watu wa kawaida: kuonya, kulalamika, kushitaki na kusuluhisha. Mgeni wetu alikuwa ameujua mlio wake barabara, lakini kazi yake hakuijua, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha.

Juma lile alimwomba mwenye nyumba ufunguo wa mlango wa pwani. Kisha akaja kwa mama mdogo kujifunza hesabu ya mwezi, apate kujua lini bahari hutoka kwa bamvua na wanawake hushuka mwanini. Siku hizo mlango huwa wazi tangu asubuhi. Mama mdogo husema kwamba ukuta ungali ukuta, na kwamba mpangaji akihama kufuli litarudi. Maneno yake ni ya kweli, na shauri hilo sasa liko mikononi mwa wazee wa kijiji na mwenye nyumba, ambako lilistahili kufikishwa zamani.

Nami siku hizi naifundisha methali ile kwa namna nyingine. Nawaomba wanafunzi walitazame neno moja tu, neno "mpe". Wahenga hawakusema kwamba siku ya tatu mgeni achukue jembe. Amri ile hawakupewa wageni. Tumepewa sisi wenyeji.