Kushuka Ndiyo Ngoma

Wahenga walisema, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Sisi tunaoishi Edgbaston tulidhani methali hiyo ni ya Kilimanjaro, si ya vilima vya Lickey, kusini-magharibi ya Birmingham, ambako kilele cha Beacon Hill hakifiki hata mita 300.

Huko ndiko mmoja wetu alikoteguka kifundo cha mguu, tukishuka kwenye majani yaliyolowa. Sisi ni mke na mume wa makamo. Viatu vilikuwa vipya: buti za shingo ndefu, soli nene, bei ya kutisha. Tulizinunua kwa sababu mguu huohuo ulikuwa umeshateguka mwaka mmoja kabla. Wiki ya pili ikaja simu ya msiba kutoka nyumbani. Tuliwahi maziko, lakini jeneza la mama lilipita mbele yetu mabegani mwa watu wengine. Mwanawe alikuwa amesimamia magongo.

Mmoja wetu ni mhandisi, na aibu ilizidi, maana hesabu yenyewe ni ya wenzo, somo la sekondari. Ukikanyaga jiwe kwa ubavu, unyayo hupinduka kwa ndani na kano za upande wa nje huvutika. Soli ikiwa nene, kifundo hukaa juu zaidi ya ardhi, na nguvu ya kukipindua huongezeka. Je, shingo ndefu haizuii? Mwaka 1993 watafiti Marekani waliwagawa wachezaji 622 wa mpira wa kikapu kati ya viatu virefu na vifupi, wasione tofauti ya maana katika kuteguka. Uwanja si mlima, lakini tuliacha kuiabudu shingo ya kiatu.

Siku hizi twachagua soli isiyoinuka sana, pana kisiginoni, yenye meno ya kushika tope. Twanunua jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, tukivaa soksi zilezile za matembezi. Kabla ya kushuka twasimama, twakaza kamba upya ili kisigino kisicheze ndani.

Lililo kubwa zaidi haliuzwi dukani. Aliyeteguka mara moja yu karibu zaidi kuteguka tena, kwani kifundo kilichoumia huchelewa kujua kimekaaje. Dawa yake ni kukifundisha upya. Kila asubuhi twapiga mswaki tukisimama kwa mguu mmoja, watoto wakitucheka. Kisha tulianza na bwawa la Edgbaston, njia tambarare ya karibu kilomita 3, ndipo tukarudi vilimani.

Wazee wetu walishuka milima ya Usambara na katambuga miguuni, mizigo kichwani. Walikuwa na miguu iliyofunzwa tangu utotoni. Sisi tulikuwa na miaka mingi ya viti na magari, tukadhani pengo hilo litazibwa na fedha. Ndugu wasomaji, nunueni viatu vizuri, lakini msiviachie kazi yote. Nyumbani bado tuna wazee, na siku moja bega litahitajika.