Kutafuta Kikao cha Wanaoacha Pombe, Tangu Enzi za Kambi Hadi Karavia ya Leo

Kikao cha watu wanaosaidiana kuacha pombe ni jambo changa Lubumbashi, ingawa haja yake ni kongwe kuliko mtaa wa Karavia wenyewe. Mji huu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukaitwa Elisabethville, na ulevi ukaingia pamoja na mshahara. Chini ya Wabelgiji, Mwafrika alikatazwa vileo vikali. Akabaki na bia, kibuku cha nyumbani, na lutuku, pombe kali iliyopikwa kwa kujificha.

Katika kambi za Union Minière, kampuni ya shaba, wafanyakazi walipewa nyumba, posho, shule na hospitali, wakadaiwa nidhamu. Mlevi alihesabiwa kwa siku alizokosa kazini. Aliyeshindwa kuacha hakuwa na pa kusema kwamba ameshindwa: kwa mkuu wa kambi lilikuwa kosa, na nyumbani lilikuwa aibu ya ukoo.

Mlango uliokuwa wazi ni wa kanisa. Wamethodisti wa Katanga, eneo la mji huu, walihubiri kuacha pombe kabisa. Wakimbangu nao wanaikataza, na mji huu una uzito wa pekee kwao, kwa kuwa mwanzilishi wao, Simon Kimbangu, alifia humo kifungoni mwaka 1951. Makanisa haya yaliokoa watu wengi, na haki yao isipunguzwe. Lakini pale pombe inapohesabiwa kuwa dhambi tu, anayeanguka tena huona haya kurudi, akakaa mbali siku zile zile anapohitaji watu zaidi.

Hata hivyo Wakatanga hawakuwa wageni wa kuketi na kuelezana maisha. Miaka ya 1950, padri Placide Tempels alianzisha vuguvugu la Jamaa huko Kolwezi, na wafanyakazi wa migodi na wake zao wakakutana nyumbani kushirikishana mawazo. Baadaye zikaenea jumuiya ndogo za Kikatoliki za mitaani, na likelemba, vikundi vya akina mama vya kuchangiana fedha kwa zamu. Hakuna hata kimoja kati ya vikundi hivi kilichoundwa kwa ajili ya pombe, ila vilizoesha watu duara, zamu ya kusema, na siku maalumu ya kukutana.

Kisha Gécamines, mrithi wa Union Minière, ikaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari, wakipewa fedha kwa mkupuo mmoja baada ya miezi mingi bila mshahara. Wanaume waliozoea maisha ya kazi walijikuta hawana pa kwenda asubuhi, na katika nyumba nyingi lutuku ilitoka kuwa ya Jumamosi ikawa ya kila siku. Kambi iliyokuwa ikiadhibu haikuwepo tena, na iliyokuwa ikitibu pia.

Jibu la haja hii lilikuwapo kwingineko: njia ya Alcooliques Anonymes, au AA, ilianzia Akron, Marekani, mwaka 1935, pale Bill Wilson na daktari Bob Smith walipogundua kwamba mlevi humsikiliza mlevi mwenzake kuliko anavyomsikiliza mhubiri au tabibu. Utaratibu wake ni mwepesi. Hakuna ada; sharti pekee ni nia ya kuacha. Mtu hujitambulisha kwa jina la kwanza, husema bila kukatizwa, na yaliyosemwa hayatoki nje. Mgeni anaweza kunyamaza kikao kizima. Vikao vya wazi hupokea hata jamaa na marafiki, vya faragha ni vya wenye tatizo tu. Ndugu za walevi wana vikundi vyao tangu 1951, Al-Anon.

Tangu janga la korona mwaka 2020, vikao vingi vya Kifaransa vya Ulaya hufanyika kwa simu, na mkaaji wa Karavia anaweza kuingia bila kuonekana na jirani akipita getini. Saa zahitaji uangalifu: wakati wa baridi Ulaya, saa mbili usiku ya Brussels ni saa tatu Lubumbashi, majira ya joto saa zinalingana. Mega za intaneti zikiwa chache, sauti peke yake hutosha. Upungufu wake ni lugha, kwani maumivu ya nyumbani hayasemeki vizuri kwa lugha ya ofisini. Zanzibar, ambako nyumba za upataji nafuu zilianza 2009 hasa kwa waathirika wa heroini, hatua 12 zinazotokana na AA husemwa kwa Kiswahili, na mfano huo unafaa sana Katanga.

Kabla ya kikao, aliyekunywa sana kwa miaka amwone daktari. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mtetemeko, kifafa na kuona mauzauza ndani ya siku 2 hadi 4, na hata kuua. Mjini kipo Kituo cha Dr Joseph Guislain cha Mabradha wa Upendo, kinachotibu magonjwa ya akili na ya neva.

Pasipo na kikao karibu, desturi ya AA yaruhusu watu wawili au watatu wanaotaka kuacha kujiita kikundi. Wanahitaji chumba, siku moja isiyobadilika kila juma, na mmoja wa kufungua mlango hata mwenzake asipofika.