Ronroko Mtaa wa Sikukuu

Nyumba yetu ya Mtaa wa Sikukuu ilikuwa ya Kariakoo ya zamani: ukumbi katikati, vyumba sita, na uani nyuma ambako wapangaji wote walipika, walifua na kusikiliza redio moja. Ukiweka kaseti ya Msondo au ya Sikinde, umeiwekea nyumba nzima, na asiyeipenda atakwambia hapo hapo. Hivyo ndivyo nilivyokua nikisikia muziki: kwa sauti ya juu, katikati ya watu, maneno ya wimbo yakijadiliwa hadi jioni. Nani kamwacha nani, na kosa la nani.

Kwa hiyo sidi aliyoniletea rafiki yangu aliyekuwa akisoma Mlimani ilizua maneno uani. Ilikuwa muziki wa filamu ya The Motorcycle Diaries, iliyotoka mwaka 2004. Sehemu kubwa hakuna aliyeimba. Zililia nyuzi peke yake, zikanyamaza, zikarudi tena. Mama mmoja mpangaji akauliza mwimbaji anaingia saa ngapi. Mjomba, ambaye ujanani alipiga udi kwenye taarab za hapa mjini, ndiye pekee aliyeomba urudiwe.

“Huyu hana haraka,” alisema. “Anauacha uzi umalize mwenyewe.”

Aliyekuwa akipiga ni Gustavo Santaolalla wa Argentina, mwanamuziki aliyejifunza mwenyewe na asiyesoma nota. Kipande alichokipenda mjomba kinaitwa De Ushuaia a la Quiaca, yaani kutoka ncha ya kusini ya Argentina hadi mpaka wake na Bolivia. Kilirekodiwa hata kabla ya filamu, katika albamu ya mwaka 1998 iitwayo Ronroco. Ronroko ni ndugu mkubwa wa charango, chombo cha nyuzi kumi cha watu wa milima ya Andes, ambacho zamani mgongo wake ulikuwa gamba la mnyama anayefanana na kakakuona. Mjomba alitaka sana kuiona picha yake. Nilipompatia, aliitazama mikono ya mpigaji kwanza, kisha chombo.

Miaka ile muziki huo kwangu ulikuwa mandhari. Filamu ni ya vijana wawili, Ernesto Guevara, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 23, na rafiki yake Alberto Granado, waliosafiri Amerika Kusini mwaka 1952 kwa pikipiki kuukuu aina ya Norton. Pikipiki ikawafia njiani, wakaendelea kwa miguu na kwa lifti, mpaka kambi ya wagonjwa wa ukoma huko San Pablo, Peru, ambako Ernesto anauogelea mto usiku ili awafikie wagonjwa waliotengwa ng'ambo. Mchana wa Jumapili, maduka ya Mtaa wa Kongo yamefungwa, nililala mkekani nikaona theluji na jangwa. Ilinitosha.

Kitabu kimoja kikabadilisha yote. Nilijua, kama wengi wanavyojua juu juu, kwamba Ernesto huyo, aliyekuja kuitwa Che Guevara, aliwahi kupita Tanzania. Sikujua alikaa. Kumbe Aprili 1965 aliingia Dar es Salaam kwa sura ya bandia, akaenda Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika kwa siri kuwasaidia wapiganaji wa Kongo waliomfuata marehemu Lumumba. Huko alijulikana kwa jina la Tatu, kwa kuwa wenzake wawili walikuwa Moja na Mbili. Miezi saba baadaye mapambano yalikuwa yamesambaratika, naye akavuka ziwa kurudi. Akajificha hapa hapa mjini, ndani ya ubalozi wa Cuba, mpaka mwanzoni mwa mwaka 1966. Mkewe, Aleida, alikuja kumwona. Muda mwingi aliandika, na aliyoyaandika yanaanza kwa kukiri kwamba ni habari za kushindwa. Mwaka uliofuata, 1967, aliuawa Bolivia, nchi ya charango.

Tangu hapo sikuweza kuusikia muziki ule kama zamani. Ni muziki wa kijana ambaye hajaamua lolote. Njia zote ziko wazi mbele yake. Nami nausikiliza katika mji ambamo mtu huyo huyo, akikaribia miaka 38, alijifungia chumbani akihesabu makosa yake. Kwa maoni yangu huo ndio ukubwa wa kazi ya Santaolalla: aliacha nafasi kati ya noti na noti, na katika nafasi hizo yanaingia hata mambo ambayo filamu haikuyagusa. Inaniuma kwamba kisa hiki cha Che hakisimuliwi vya kutosha hapa kwetu.

Nyumba ya Sikukuu iliuzwa, pakainuka ghorofa la maduka, ua nao ukaenda. Tukahamia Kimara. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016, ndio ukawa usafiri wangu wa kwenda dukani, na muziki ukahamia kwenye simu na hedifoni. Nasimama nimebanwa na watu pande zote, nasikia kitu ambacho hakuna mwingine anayekisikia. Jambo hilo sijalizoea mpaka leo. Baada ya Manzese basi linafika kituo kinachoitwa Argentina. Mara nyingi naipanga ronroko ilie pale, na furaha ninayoipata ni kubwa. Kisha tunateremka Jangwani, bonde la Mto Msimbazi, ambako mvua kubwa zikinyesha mabasi husimama na mji hukatika vipande viwili.

Baadaye nilikwenda Kigoma, alikopita Che, kwa treni, reli ile ya kati iliyofika ziwani mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200. Njiani nilisikiliza albamu nzima ya filamu, ila wimbo wa mwisho wa Jorge Drexler wa Uruguay nikauweka akiba. Huo una maneno, ni wa ng'ambo ya mto, na mwaka 2005 ulikuwa wimbo wa kwanza wa Kihispania kushinda Oscar. Niliusikiliza nikiwa ufukweni, natazama milima ya Kongo. Mto wa filamu nikausahau kabisa.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu, anayetengeneza midundo ya singeli Manzese, ameniomba ule uzi wa ronroko aukate. Ameuongezea kasi mpaka mapigo yamepita 200 kwa dakika. Nilikwenda kusikiliza, mlango uko wazi, vijana wamejaa kibarazani, kila mmoja ana la kusema. Nilimwomba jambo moja tu: mahali pale mjomba alipopapenda, uzi aache umalize. Akajaribu. Wenzake wakapiga kelele kwamba mdundo umekufa. Yeye akasema ngoja, akarudisha nyuma, akauacha tena.