Nyanya Anafunga Jumatatu na Alhamisi

Jumatatu moja binti yetu wa gredi ya nne alirejea kutoka shuleni akiwa kimya. Aliuacha mkoba mlangoni, akaenda moja kwa moja kulala ubavuni mwa nyanyake. Daftari lake tulilifungua baada ya Magharibi. Alikuwa ameandika insha ya Kiingereza kuhusu jamaa zake, na sentensi moja ilikuwa imepigwa mstari mwekundu: "My grandmother closes on Monday and Thursday." Alikusudia kusema kwamba nyanyake hufunga Jumatatu na Alhamisi. Darasa zima lilicheka, na mwenzake mmoja akamuuliza kama nyanyake ni duka.

Ndugu wasomaji, sisi nasi tulicheka, na hilo tunalijutia hadi leo. Kisha tukamsahihisha: neno lifaalo ni "fast". Akatutazama kwa mshangao, kwa kuwa neno hilo alilijua kwa maana ya kasi. Akauliza, "Nyanya aenda mbio vipi, na goti lamuuma?"

Siku chache baadaye tulishauriwa tuzungumze Kiingereza pekee nyumbani, eti Kiswahili ndicho kinachomchanganya mtoto. Tukajaribu kwa wiki moja. Nyanyake hajui Kiingereza. Hadithi za jioni zilikoma; mtoto akawa anapita mbele yake akiwa amefumba mdomo, kwa kuogopa kukosea na kwa kuogopa kutuasi. Siku ya saba mama alituita, akasema kwa upole, "Wanangu, mimi nimo ndani ya nyumba, lakini naona nimefungiwa mlango."

Maneno hayo yalituchoma. Ndipo tulipoirudia ile sentensi na kuisoma upya, safari hii bila ya kucheka.

Mwaka 1953 mwanaisimu Uriel Weinreich, katika kitabu chake Languages in Contact, alieleza njia tatu ambazo maneno ya lugha mbili huweza kuunganika akilini mwa mtu. Huenda kila neno likawa na maana yake mbalimbali. Huenda maneno mawili yakashirikiana maana moja. Au neno geni likaeleweka kwa kupitia neno la lugha ya kwanza tu. Mwaka 1994 Judith Kroll na Erika Stewart waliliendeleza wazo hilo. Walieleza kwamba anayeanza kujifunza huitegemea sana lugha yake ya kwanza ili kuifikia maana ya neno geni, na kadiri anavyozidi kuimudu lugha ya pili, ndivyo neno hilo linavyojipatia njia yake lenyewe hadi kwenye maana.

Kumbe binti yetu hakuwa amechanganyikiwa. Alipita njia ambayo kila mwanafunzi huipita. Katika Kiswahili, mlango hufungwa, mzigo hufungwa, na saumu pia hufungwa. Alilichukua neno alilolijua, akavuka nalo daraja, akafikia mlangoni badala ya kufikia kwenye saumu. Ndivyo pia mtoto mwingine anavyoandika kwamba "amesikia" harufu au baridi kwa neno la Kiingereza linalohusu masikio peke yake, kwa kuwa Kiswahili hutumia kusikia kwa yote hayo.

Tulipolichunguza neno "fast" tulistaajabu zaidi. Katika Kiingereza cha kale mzizi wake ulihusu kuwa imara na kushika kwa nguvu. Kutokana na mzizi huo wamepata neno la kufunga saumu, na pia "fasten", yaani kufunga kitu kama vile mkanda wa kiti garini. Hata ile maana ya kasi ilichipuka papo hapo. Na chakula cha asubuhi, "breakfast", maana yake ya asili ni kuvunja mfungo. Nasi twakiita kifungua kinywa. Basi Waingereza nao, kwa njia yao, waliunganisha saumu na kukaza fundo. Mtoto wetu alikosea neno, lakini hakuwa mbali na njia.

Usiku ule tuliiondoa ile amri yetu. Sasa, baada ya Isha, nyanya hutaja neno moja la Kiswahili na mjukuu hutafuta maneno yote ya Kiingereza yanayotokana nalo. Nyanya akisema "mkono", mjukuu humwonyesha kwamba Waingereza wanao wawili: mmoja wa kiganja na vidole, mwingine kuanzia begani. Nyanya hucheka, na safari hii mtoto hucheka pamoja naye.

Makosa hayajakwisha, wala hatutarajii yaishe upesi. Lakini tumejiwekea ada moja, nasi twawausia wazazi wenzetu: mtoto anapoandika sentensi ya ajabu, kabla ya kucheka na kabla ya kushika kalamu nyekundu, muulizeni alitaka kusema nini kwa Kiswahili. Mara nyingi mtakuta fikra iliyo timamu, iliyokosa neno tu.

Insha aliiandika upya. Sentensi ya nyanyake aliinyoosha, kisha akaongeza nyingine chini yake, ambayo hakuna aliyemfundisha: kwamba jioni ya siku hizo yeye ndiye humpelekea nyanyake tende na maji.