Vifaa vya Jukwaani na Kumbukumbu ya Kisangani

Katika sanaa za maonyesho, vifaa vya jukwaani ni vitu ambavyo mwigizaji huvishika au kuvitumia mbele ya watazamaji, navyo hutofautishwa na maleba, yaani mavazi ya wahusika, na pia mandhari, ambayo ni mapambo yanayoonyesha mahali pa tendo. Mjini Kisangani, asili ya vifaa hivyo imebadilika sana katika kipindi cha miaka sabini.

Mwaka 1951, mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, mwongozaji John Huston alipiga sehemu ya filamu ya The African Queen huko Biondo, kando ya mto Ruiki. Kifaa chake kikuu kilikuwa mashua ya mvuke, na kwa kuwa kamera ya rangi ya wakati ule ilikuwa kubwa mno, sehemu za mashua hiyo ziliundwa upya juu ya chelezo ili mpiga picha apate nafasi ya kufanyia kazi. Mashua yenyewe ilizama mtoni, ikabidi iopolewe. Leo imehifadhiwa Key Largo, Florida. Wenyeji walihitajiwa kwa nguvu za mikono yao, lakini hadithi haikuwa yao, wala vitu vilivyoisimulia havikuwa vyao.

Mkondo mwingine ulianza mcheza dansi Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, alipohamishia Kisangani mwaka 2006 kituo chake cha Studios Kabako, alichokianzisha Kinshasa mwaka 2001. Katika onyesho la Le Cargo la mwaka 2011 alijitokeza peke yake na kigoda, vitabu na taa chache. Uchache huo una uzito wake, kwani kigoda hukutwa katika nyua za mji mzima, na mtazamaji wa Kisangani hukitambua kabla mchezaji hajasema neno.

Mabadiliko makubwa zaidi yamo katika En route pour le milliard, filamu ya hali halisi ya Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, iliyoingia katika uteuzi rasmi wa Cannes mwaka 2020. Inawafuata majeruhi wa Vita vya Siku Sita, ambavyo majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huo mwezi Juni 2000, wakisafiri kwa boti hadi Kinshasa kudai fidia. Katikati ya safari hiyo huonekana majeruhi haohao wakiigiza jukwaani mateso yao, na miguu ya bandia na magongo wanayotumia kila siku huwa sehemu ya mchezo. Hakuna fundi aliyeviunda kwa ajili ya onyesho, na taa zikizimwa mwenyewe huondoka navyo, kwa sababu bila hivyo hawezi kutembea. Hapa kifaa kimekuwa shahidi, na ushahidi wake hauwezi kupuuzwa na yeyote aliyeuona.

Kwa hiyo vikundi vya maigizo vya Kisangani, pamoja na Chuo Kikuu cha mji huo, havina budi kuviorodhesha vifaa vya namna hii na kurekodi maelezo ya wenyewe wangali hai.